Umeme ulipokatika, maombi nayo yakakatika

"Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Ninaongoza kikundi cha maombi cha akina mama, kila Jumatano jioni. Huu ni mwaka wa tatu tunaomba huku kijana wetu akipiga kinanda chinichini, na nyumbani huwa ninawasha ala za kuabudu kwenye simu ndipo niombe. Ninalia, ninazama, ninausikia uwepo wa Mungu. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika tukiwa katikati ya maombi. Kinanda kikazima, na sisi tukazima. Watu wakafumbua macho wakaanza kutazamana, mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Mzee wa kanisa aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, 'Kumbe mlikuwa mnaomba na kinanda.' Tangu siku hiyo nimejaribu kuomba kimya nyumbani, dakika tano hazifiki. Sasa mchungaji anataka tununue projekta na skrini, tuweke picha na video wakati wa kuabudu, nami naogopa tutazidisha tatizo. Je, kile nilichokuwa nakisikia kilikuwa Roho Mtakatifu au kilikuwa kinanda? Niache muziki kabisa?"

Dada yangu, asifiwe milele na milele. Huyo aliyetafuta viatu amenichekesha, kwa sababu mwaka mmoja katika mkesha jenereta lilipokwisha mafuta, mimi mwalimu wa kwaya nilikuwa wa kwanza kutazama saa. Kwa hiyo ninakujibu kama mtu aliyewahi kuzimika pamoja na spika.

Naona kinachokuumiza si kukatika kwa umeme. Kinachokuumiza ni lile neno la mzee, maana limegeuka swali juu ya miaka mitatu yote iliyopita: kama kinanda kilikuwa ndicho kinachoomba, basi machozi yangu yalikuwa ya nini? Nianze kwa kusema kwamba mzee amesema kweli nusu. Nusu aliyoiacha ni ndefu kidogo, nipe nafasi.

Tazama kwanza kijana wenu anafanya nini pale. Anashika kodi moja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa ule mlio laini wa nyuzi, anaiacha idumu, anahamia nyingine polepole, hakuna mwanzo wala mwisho unaosikika. Mwili wako unaijibu sauti hiyo kabla wewe hujaamua lolote. Pumzi inashuka. Mwaka 2001 madaktari wa Italia walichapisha uchunguzi wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini. Kuitikia kwa zamu kulishusha pumzi zao hadi kama sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na wa shinikizo la damu ukafuata. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, waliwapima waimbaji wa kwaya wakakuta mapigo ya mioyo yao yanapanda na kushuka pamoja, kwa sababu wimbo unawalazimisha kuvuta pumzi pamoja. Na kule Montreal, mwaka 2011, ilionekana kwamba mtu anaposikiliza muziki anaoupenda, ubongo humwaga dopamini, kemikali ya raha, mara mbili: mara ya kwanza anapoingojea ile sehemu tamu, na mara ya pili sehemu yenyewe inapofika.

Hiyo ya kungojea ndiyo kazi ya mpiga kinanda stadi. Anakuchelewesha. Anaizungukazunguka kodi ya nyumbani, ile wimbo unapotulia, bila kuingia, anapandisha nusu sauti, anaongeza nguvu kidogo kidogo, kisha anarudi nyumbani na nywele za mikono zinakusimama. Kazi hiyohiyo inafanyika kwenye taarabu na kwenye dansi. Wanaocheza sebene Jumapili kanisani na wanaocheza sebene Jumamosi ukumbini wana miguu ya aina moja.

Ongeza na mazoea. Miaka mitatu kila ukiomba kuna sauti hiyo, na kila sauti hiyo ikiwapo unaomba. Mwili umejifunza kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja, kama harufu ya ubani inavyoweza kumrudisha mtu mzima kwenye Misa za utoto wake. Ukiondoa kimoja, mwili unasema cha pili nacho hakipo. Kwa hiyo dakika zako tano zinazoshindikana hazithibitishi kwamba Mungu hayupo, wala kwamba hujawahi kuomba. Zinaonyesha kwamba umejifunza kuingia chumbani kwa mlango mmoja tu, na sasa huo mlango umefungwa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Husikia maelezo ya namna hii wakasema, "Basi, kumbe ni homoni tu." Kwani nani aliuumba huo mwili? Elisha alipotakiwa kutoa neno mbele ya wafalme watatu aliomba kwanza aletewe mpiga kinanda, na alipopigiwa, mkono wa Bwana ukamjia (2 Wafalme 3). Maandiko hayaoni haya kusema hivyo. Chakula nacho hufanya kazi tumboni kwa kanuni za tumbo, na bado tunakishukuru kama zawadi. Ukilia kwa sababu kodi imekugusa, na katika kilio hicho ukamsamehe dada yako, sina haja ya kuuliza machozi yalitokea upande gani.

Lakini Biblia hiyohiyo ina habari ya pili. Sauli alisumbuliwa na roho mbaya, Daudi akampigia kinubi, Sauli akatulia, akaona nafuu. Mahubiri mengi juu ya muziki huishia hapo. Endelea katika 1 Samweli hadi sura ya 18 na ya 19: Daudi anapiga kinubi kama siku zote, na Sauli anamtupia mkuki. Kinubi ni kilekile na mpigaji ni yuleyule. Muziki ulimpa Sauli nafuu mara kwa mara bila kumbadilisha. Na katika Danieli 3, panda, filimbi na zomari vinapigwa ili umati mzima uanguke kuisujudia sanamu ya dhahabu, na umati ukaanguka kweli, isipokuwa watu watatu. Ala zinaweza kumfungulia nabii masikio na zinaweza kumwangusha mtu mbele ya sanamu, kwa nguvu ileile.

Kwa hiyo swali lako, "Roho au kinanda?", halitajibika kwa kupima machozi. Uliza mambo ambayo yanaweza kuonekana. Mkishatoka pale, mnakumbuka mliomba nini? Aliyeombewa mgonjwa wake alitembelewa? Wewe na yule mliyekosana mmesalimiana? Kama kwa miaka mitatu majibu yana ndiyo za kutosha, mzee asikutie unyonge. Kama kila Jumatano mnalia vizuri na kila Alhamisi hakuna anayekumbuka jina la mgonjwa, basi ana hoja.

Huhangaiki peke yako, ukipenda kujua. Agostino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alilia kwa nyimbo za kanisa la Milan siku za ubatizo wake. Miaka baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliandika katika Maungamo yake kwamba anayumba: nyimbo zinawasaidia wanyonge, ila yeye akijikuta ameguswa na sauti kuliko na kinachoimbwa, anajiona ametenda dhambi, na afadhali asingemsikia mwimbaji. Hata hivyo aliegemea upande wa kuziacha nyimbo ziendelee. Zwingli wa Zürich, Uswisi, mmoja wa viongozi wa matengenezo ya Kanisa, ambaye mwenyewe alijua kupiga ala nyingi, hakuyumba. Aliondoa vyote, na kanisa la mji ule likakaa bila kuimba hadi 1598. Mimi niko na Agostino, pamoja na wasiwasi wake wote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza. Ulipojaribu kuomba kimya, ni nini kilikuja? Hukuandika, lakini naweza kukisia, kwa sababu huja kwa kila mtu: ada ya shule, yule aliyekusema vibaya msibani, mtoto asiyepiga simu, kitu ulichokisahau jikoni. Ukaona mawazo yanatangatanga ukasema, "Siwezi kuomba." Miaka mitatu kinanda kilikuwa kinayafunika hayo kabla hayajainua kichwa. Na hayo, dada yangu, ndiyo maombi yenyewe. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu hata lini. Kama mwenye zaburi angewashiwa ala laini mapema, huenda asingefika kuuliza. Hasara kubwa ya muziki usiokatika, kwa maoni yangu, ni hiyo, kubwa kuliko hofu ya hisia za uongo: unatuliza mapema mno. Unampa mtu nafuu kabla hajasema anaumwa wapi.

Kwa hiyo usiache muziki, urudishe mahali pake. Nyumbani, kwa muda wa kama wiki sita, anza bila simu. Soma zaburi moja kwa sauti, fupi, hiyo ya 13 ina mistari sita tu. Kisha taja mambo, kwa majina, hata yale ya jikoni. Ukifika dakika nne ukachoka, ni sawa. Wiki ijayo zitakuwa sita. Ndipo uimbe. Nimesema uimbe, sijasema usikilize. Kusikiliza kunaweza kukupita huku umelala nusu, lakini kuimba kunadai pumzi yako na maneno yako. Paulo aliandika, "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia," na akili haiimbi ala tupu za kwenye simu zinazodumu saa nane mfululizo. (Wala sijasema juu ya lile tangazo la kubeti linaloingia katikati ya "Baba yetu". Nani hajapatwa?)

Chagua nyimbo ambazo maneno yake yamekaa vizuri. Hili ni la kitaalamu kidogo lakini linahusika. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, mwo-KO-zi. Tuni nyingi tulizopokea Ulaya humalizia mstari kwa mkazo kwenye silabi ya mwisho, hivyo tunajikuta tunaimba "bwa-NAAA" na maneno yanageuka mlio. Tumezoea, hatusikii tena, ila akili inakosa pa kushika na kinachobaki ni tuni. Linganisha na "Mfurahini, Haleluya", maneno aliyoyaandika Bernard Kyamanywa mwaka 1966 juu ya tuni ya Kihaya: maneno na sauti vinatembea pamoja, na hata ukiuimba bila ala yoyote hupungukiwi kitu.

Jumatano kikundini, ongea na huyo kijana kwa upole, maana hajakosa. Nyinyi ndio mliomwomba apige bila kukoma. Mwambie aanze kunyamaza mahali pa kunyamaza. Neno likisomwa, mikono itoke kwenye kinanda. Mtu akitoa ushuhuda, vivyo hivyo. Kisha, mkishaomba, aingie na wimbo ambao wote mnaimba, na ukiisha, uishe. Jumuiya ya Taizé kule Ufaransa wana utaratibu ambao nimeuiga mara nyingi: wimbo mfupi sana unarudiwarudiwa hadi kila mtu anaujua bila kitabu, halafu kimya kirefu, kimya kweli, vijana mamia kwa mamia wamekaa chini. Mara ya kwanza mkijaribu, dakika moja itaonekana kama saa. Mtu atakohoa. Mtoto atalia. Vumilieni.

Na mahali pamoja sina upole napo: kinanda cha huzuni chini ya wito wa sadaka, au chini ya wito wa kuja mbele, kikiongezwa sauti kadiri watu wanavyokawia kuinuka. Hapo muziki unatumika kumsogeza mtu kabla hajaamua. Mwenye kutoa akitoa, atoe pakiwa kimya.

Mtaniuliza, umeme ukikatika tena? Ngoma haina waya. Kayamba haina waya, makofi hayana. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulienea kwa wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ulioimbwa kwa midomo mitupu katikati ya shuhuda. Kama kuna anayeona ngoma ni ya kipagani na kinanda ndicho kitakatifu, mkumbushe kwamba kinanda cha mabomba, babu wa kinanda cha kanisani, kilibuniwa Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo, na Warumi walikipiga kwenye viwanja ambako watu waliuana kwa burudani. Kanisa lilikipokea baada ya karne nyingi sana. Padre Stephen Mbunga aliandika kitabu kizima mwaka 1963 kuonyesha kwamba sheria za Kanisa Katoliki zinaipa ngoma ya Kibantu nafasi yake, na miaka mitano kabla yake, kule Kamina, Katanga, ilikwisha kuimbwa Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kikongo, Missa Luba. Hayo ni ya kizazi cha babu zetu, na bado kuna makanisa ngoma inafichwa stoo.

Projekta. Kwa kuandika maneno ya nyimbo siipingi: aliyekuja mara ya kwanza anaimba na wenzake, mwenye macho dhaifu anasoma, ikiwa herufi ni kubwa na hamjaweka maneno meupe juu ya picha ya mawingu meupe. Ila jueni gharama yake. Anayesoma kila wiki hahifadhi. Bibi zetu walizijua nyimbo zote kwa kichwa kwa sababu hapakuwa na skrini, na umeme ukikatika skrini itazima pamoja na kinanda, kisha mtabaki hata maneno hamna. Kwa hiyo kila mwezi mwe na nyimbo mbili za kuimba skrini ikiwa imezimwa.

Picha na video ni habari nyingine. Yapata mwaka 600, askofu Serenus wa Marseille alivunja picha kanisani kwake kwa kuogopa watu wanaziabudu, na Papa Gregori Mkuu akamwandikia kwamba alifanya vema kuzuia zisiabudiwe, lakini alikosea kuzivunja, maana asiyejua kusoma anasoma ukutani. Naikubali hekima hiyo kwa picha iliyotulia. Picha moja, isiyosogea, inaweza kukaa mbele ya mtu nusu saa naye akaongea na Mungu. Video ni bwana mwingine. Jicho la binadamu hufuata kinachosogea hata kama moyo hautaki, na badala ya kuomba mnakuwa watazamaji. Video iwekwe kwenye mafundisho, wakati wa kuomba izimwe. Na kama kuna fedha kidogo, kabla ya kupakua nyuso za Yesu mtandaoni, waulizeni vijana wenu nani anachora. Kitambaa kilichoshonwa na akina mama wa kikundi chenu, msalaba uliochongwa na fundi wa mtaani, vitawaombesha zaidi, kwa sababu mnamjua aliyevitengeneza na alikuwa akipitia nini. Video za watu wengine mkizionyesha na kuzirusha mtandaoni kuna haki za wenyewe. Pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwanza.

Mawili ya afya, haraka. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu desibeli 85 kuwa kikomo cha saa nane, na kila zinapoongezeka tatu, muda hupungua nusu. Kwenye desibeli 100 imebaki robo saa. Ukumbi mdogo wa bati wenye spika mbili kubwa unafika huko bila shida. Mkitoka masikio yanalia, punguzeni. Taa za kumetameta nazo, msizilete; wapo watu wachache wenye kifafa ambao huanguka kwa sababu ya taa hizo, na kukesha bila usingizi huwaongezea hatari. Mtu akianguka akatetemeka katika mkesha, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kitu mdomoni, na mkimaliza kumwombea mpelekeni hospitali, hata kama mnaamini mmejua chanzo. Tetemeko likipita dakika tano, msingoje amina.

Sasa wewe mwenyewe. Ikiwa kwenye kile kimya kinachokuja si ada ya shule bali kitu kizito, msiba ambao hukuwahi kuulilia, jambo ulilotendewa zamani, moyo kwenda mbio hadi unaogopa kufa, basi usijilazimishe kuvumilia peke yako. Washa taa, imba kama inakusaidia, na kesho yake tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso: mchungaji au mama mchungaji unayemwamini kutunza siri, na mshauri au daktari pia. Vivyo hivyo kama machozi yamekuwa ya kila siku, usingizi umepotea, chakula hakina ladha, na hali hiyo imepita wiki mbili. Hapo muziki ulikuwa unakuganga kama dawa ya maumivu, na si vibaya, ila anayekunywa dawa ya maumivu kila siku lazima aonwe. Na akitokea mwenzenu anasikia sauti zinazomwamuru kujidhuru au kumdhuru mtu, aonane na daktari siku hiyohiyo, huku mkiendelea kumwombea.

Kwa mchungaji nenda kabla fedha hazijachangwa, na usiende na lawama. Mweleze kilichotokea siku ya umeme, umwombe Jumatano nne za kujaribu utaratibu mpya kabla ya kununua chochote. Na huyo mzee wa nyuma, msimwogope. Mwombeni Jumatano ijayo aongoze zile dakika kumi za kwanza, kinanda kikiwa kimefunikwa kitambaa chake, na awafundishe pambio moja waliloliimba kabla umeme haujafika kanisani.